Supu ya Mboga Isiyo na Chumvi

Nilivaa aproni ya kazi kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 6 Februari 1984, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika jiko la kituo kidogo cha uzazi huko Kilo, juu kidogo ya mto ambapo wachimbaji walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Sikujua kusoma wala kuandika, na aproni ile ilikuwa imeshonwa kwa mtu mrefu kuliko mimi, hata nikalazimika kuikunja mara mbili kiunoni. Ninaandika haya kwa vijana wanaoingia leo katika majiko ya hospitali za Bunia, wanaopima kila kitu kwa mizani na kufuata karatasi iliyobandikwa ukutani. Ninataka wajue jinsi tulivyofanya kazi kabla ya karatasi hizo, na jinsi sufuria ya supu ilivyonishika karibu miaka thelathini na minane.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa mtawa aliyetunza ghala na funguo zote za kituo. Tulimwita Sista Ekonomi. Alikuwa ametoka nchi za mbali na Kiswahili chake alikisoma vitabuni, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko chetu, na safari nyingine usafi huo ulituletea matatizo. Asubuhi ile alinionyesha ghala, akanionyesha sufuria, akaniambia nipike supu ya mboga kwa akina mama waliojifungua na kwa mmoja aliyekuwa amepasuliwa siku mbili kabla. Kisha akaenda zake kusali.

Kwetu, neno mboga lina maana yake. Mboga ni kile kinacholiwa pamoja na bugali. Samaki ni mboga, nyama ni mboga, maharagi ni mboga. Majani tunayaita majani tu, na mtu akila bugali kwa majani peke yake atasema leo hakuna mboga nyumbani. Basi nilitafuta mboga ghalani, nikapata samaki wa chumvi wa kutoka ziwani, wazuri, wamekauka vema. Nilichukua wanne nikawachemsha kwa pilipili na mawese mpaka harufu ikafika barabarani. Sista Ekonomi aliporudi alionja, akakohoa, akakaa kwenye kiti.

Alisema aliomba mboga. Nilimjibu kwa adabu yote kwamba hiyo ndiyo mboga, tena ya siku kubwa. Alitoka, akaenda bustanini, akarudi na kabichi, karoti na vitu vingine mikononi, akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Hii ni nini, mama?"

"Shu, Sista."

"Na hii?"

"Karoti."

"Na hizi zote pamoja mnaziitaje?"

"Majani ya wazungu."

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walicheka mpaka mmoja akaangusha bakuli. Sista Ekonomi naye alicheka, nashukuru Mungu, kwa sababu mama aliyepasuliwa angekula pilipili ile pengine mimi nisingekuwa na siku ya pili kazini. Tangu siku hiyo alisema "supu ya majani" alipokuwa nami, na "supu ya mboga" alipokuwa na wenzake. Samaki wale waliliwa na sisi wafanyakazi.

Alinifundisha supu hiyo kwa muda wa miezi mitatu, na sijapata kuona chakula kingine kinachoheshimu mfuko mwepesi namna hiyo. Alinituma sokoni wakati akina mama wanapokunja magunia yao kurudi nyumbani, kwa kuwa saa ile hakuna anayetaka kubeba tena karoti zilizovunjika, boga lililopasuka, au majani ya nje ya kabichi. Vyote hivyo ni vizima ndani. Shina la kabichi, ambalo wengi wanalitupia mbuzi, ukilimenya na kulikata vipande vidogo lina utamu wake. Kanuni yake ilikuwa moja: kigumu kinatangulia, laini kinafuata, jani linafunga mlango. Karoti, shina la kabichi na viazi huingia kwanza katika maji machache. Vikianza kukubali kisu, ndipo boga na nyanya. Lengalenga na majani ya seleri huingia mwisho, sufuria ikiwa tayari kuondolewa motoni, ili yabaki ya kijani. Ukitaka supu iwe nzito huhitaji unga. Ponda viazi viwili na kipande cha boga kwenye ukuta wa sufuria kwa mgongo wa upawa, ukoroge, imetosha.

Huko Kilo ndiko nilikompata mume wangu. Alikuwa seremala, aliyeitwa kutengeneza vitanda vya wazazi, na alikaa wiki sita kwa kazi ya wiki mbili. Habari ya samaki wangu ilikuwa imemfikia kabla hajaniona. Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1985, na alipozaliwa binti yetu wa kwanza, Furaha, mimi nikawa Mama Furaha na yeye Baba Furaha, majina ambayo hatukuyavua tena. Alikuwa mtu wa Djugu, wa familia ya wakulima, mwenye kula vizuri na kusema polepole. Supu yangu hakuipenda. Aliiita maji ya kuoshea shamba. Kila nilipoileta mezani aliinua kifuniko, akatazama ndani kwa makini, akaniuliza mboga iko wapi. Nami kila mara nilimpa samaki wake pembeni. Ulikuwa mchezo wetu, na katika nyumba nyingine watu wanaishi pamoja miaka bila hata mchezo mmoja.

Tarehe 1 Oktoba 1991 niliingia kazini katika hospitali kubwa hapa Bunia. Mkuu wa jiko alikuwa mzee aliyepikia kampuni za migodi ujana wake wote, na tulimwita Papa Shefu. Inafaa nieleze jiko lile lilikuwa la nani. Katika hospitali zetu mgonjwa hulishwa na ndugu yake anayekaa naye, ambaye tunamwita gardi-maladi. Yeye ndiye anayewasha makala, yaani makaa, nyuma ya jengo, anayepika, anayefua. Jiko la hospitali lilikuwa la wale wasio na mtu. Majina yao yaliandikwa kila asubuhi kwenye orodha, na adhuhuri kila jina lilipata bakuli moja.

Papa Shefu aliniongezea mambo mawili. La kwanza ni kutoa jasho. Kitunguu na puaro, yaani ule mmea mrefu wenye kichwa cheupe na harufu ya kitunguu, hukatwa vidogo, vikawekwa na kijiko cha mafuta katika sufuria iliyofunikwa, moto mdogo, mpaka vitoe maji yao vyenyewe bila kuungua. Asiyevipa vitunguu muda wa kutoa jasho atapata supu yenye harufu ya maji moto. La pili ni kusoma bakuli. Watumishi waliporudisha mabakuli kutoka vyumba vya wagonjwa, hatukuruhusiwa kuyaosha kabla ya kuyasoma. Karoti zimebaki chini: zilikuwa ngumu. Supu imekwisha lakini majani yameshikamana pembeni: yalikatwa marefu, na asiye na nguvu hawezi kuyatafuna. Bakuli limerudi limejaa: mgonjwa amezidiwa, au mpishi amekosea. Bakuli tupu, Papa Shefu hakulisemea kitu, alilipitisha tu kwenye maji. Mimi ambaye sikujua herufi, huko ndiko kusoma kwangu kulikoanzia, na nilikuwa mwepesi kuliko wote.

Alikuwa pia na katazo. Mpishi haingii chumba cha wagonjwa. Nilipomuuliza sababu alinijibu akiwa anakata vitunguu, bila kuinua macho.

"Wakikuona, kila mutu ataomba yake. Huyu chumvi, huyu pilipili, huyu anataka sombe ya mama yake. Weye utapika masufuria ngapi? Mupishi anakaa mu jiko. Bakuli ndiyo itakuambia."

Nililishika neno hilo kama sheria. Kati ya mlango wa jiko na mlango wa chumba cha wanaume palikuwa na baraza ya hatua ishirini na sita. Nilizihesabu baadaye.

Mwezi wa Septemba 1992, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nilianza masomo ya watu wazima, saa tisa alasiri baada ya kazi. Baba Furaha alinitengenezea meza ndogo ya mbao za libuyu zilizobaki kwenye kazi ya mtu, akaniita mwanafunzi mbele ya wageni, na jioni akaomba aone kaye yangu, yaani daftari, kama baba wa mtoto. Kitu cha kwanza nilichoandika bila kunakili kilikuwa hiki: karoti, viazi, boga, nyanya, majani. Nilipata cheti changu tarehe 2 Julai 1996. Miaka ya vita ilipokuja tulipika tulichopata, na kuna siku supu ilikuwa matembele na maji. Sitaisema zaidi. Papa Shefu alipostaafu, tarehe 1 Aprili 2009, funguo za jiko zilikabidhiwa kwangu, mwanamke wa kwanza kuzishika pale. Wanaume wawili walioosha sufuria walikuwa wakingoja nikosee, na hawakuficha.

Jumatano, tarehe 9 Machi 2016, Baba Furaha alilazwa katika hospitali yangu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ilijaa maji. Daktari aliandika rejime: hakuna chumvi, hakuna samaki wa chumvi, hakuna mafuta mengi. Furaha alikuwa akifanya biashara Ariwara na alikuja Jumapili tu, mimi nilikuwa na zamu, kwa hiyo jina la mume wangu liliandikwa kwenye orodha ya wasio na mtu. Niliisoma orodha hiyo asubuhi yake, jina lake likiwa la tisa.

Siku ya kwanza bakuli lake lilirudi limejaa. Siku ya pili, limejaa. Mmoja wa wale waosha sufuria alilishika juu kuliko ilivyohitajika, akasema kwa sauti ya upole kwamba la mzee wa Mama Shefu limerudi salama. Nilijua daktari alivyosema: asipokula, dawa zitamkuta mtupu. Basi niliianza supu upya, kana kwamba Sista Ekonomi yuko nyuma yangu. Supu bila chumvi ni kazi ya uvumilivu. Nilikata vitunguu vyembamba nikaviacha juu ya makala madogo saa nzima, si mpaka vitoe jasho tu bali mpaka viwe na rangi ya asali na utamu wake. Nyanya nilizipika peke yake mpaka zikauke na kushika sufuria. Nilitia kitunguu saumu, shina la seleri, na nilipoondoa sufuria motoni, ndimu, kwa sababu uchachu huudanganya ulimi ukadhani chumvi ipo. Siku ya tatu bakuli lilirudi nusu. Siku ya nne, tupu.

Lilirudi tupu siku zote zilizofuata. Nilikuwa nikilingoja mlangoni. Nililipitisha kwenye maji bila kusema kitu, kama Papa Shefu, lakini wale wawili walikuwa wakiniona uso. Saa tisa, saa ya kutembelea wagonjwa, nilivua aproni nikaenda kukaa naye. Mwili wake ulizidi kupungua, nami nilijiambia ni maji yanayotoka miguuni. Nilimuuliza kama amekula.

"Bakuli haikukuambia?"

"Imeniambia."

"Basi. Shefu anauliza nini tena?"

Kisha tulizungumza juu ya mambo mengine, bati la nyumba lililovuja, Furaha na mizigo yake, shamba la baba yake ambalo hakuna tena anayeweza kulifikia. Alifariki Jumapili, tarehe 22 Mei 2016, saa mbili asubuhi. Alikuwa amelala hospitalini siku sabini na nne. Katika huzuni yangu nilikuwa na kitu kimoja cha kushika: nilimlisha. Mtu aliyekataa supu yangu miaka thelathini aliimaliza kila adhuhuri mpaka mwisho. Nilizieleza habari hizo kwa wengi, na ninakiri kwamba nilizieleza kwa majivuno.

Mwanzoni mwa 2019 hospitali ilinituma kwa muda kusimamia jiko la watoto katika moja ya kambi za waliokimbia mapigano ya Djugu, pembeni ya mji. Mkubwa wangu alikuwa kijana aliyesoma, tuliyemwita Mkuu wa Lishe. Jiko lilikuwa la mahema, sufuria kubwa, supu ileile, maana karoti zilizovunjika zipo kila mahali. Jumanne, tarehe 12 Februari, mzee mmoja alifika na mjukuu wake mgongoni. Jina lake lilikuwa Ngabu. Alionja kijiko cha mtoto kuona kama ni moto, akasimama. Akaonja tena. Akaja mpaka kwenye sufuria, jambo lisiloruhusiwa, akaniuliza kama mimi ndimi niliyekuwa nikipika hospitalini.

"Hii supu ninaijua, mama. Ile ya muzee seremala."

Nilimwambia kwamba seremala huyo alikuwa mume wangu. Alimtua mtoto chini polepole. Niliona ameogopa, na mimi nikamwomba aseme yote. Alikuwa amelala kitanda cha kwanza, karibu na Baba Furaha. Yeye alikuwa na gardi-maladi, mwanawe, lakini huyo alifanya kazi za kubeba mizigo na kufika na chakula jioni tu, na kwa sababu ana mtu, jina lake halikuwekwa kwenye orodha. Adhuhuri alikuwa akitazama wenzake wakila.

"Muzee alikuwa anakamata vijiko viwili, tatu. Halafu ananisukumia. Kila siku. Ananiambia: kula, lakini maliza yote, futa na kidole."

"Hakupenda supu?"

"Tumbo yake ilikuwa imefunga, mama. Hata maji ilikuwa inakataa."

"Kwa nini hakuniambia?"

Mzee Ngabu alitazama watoto waliokaa chini na mabakuli yao.

"Alisema: bibi yangu iko shefu. Bakuli ikirudi na supu, watamucheka mu jiko."

Nilimshukuru. Nilimjazia mjukuu wake bakuli, nikampa na yeye la kwake, akalila akiwa amesimama, akalifuta kwa kidole. Nilirudi nyuma ya hema nikapanga kuni ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Nimeyafikiri mambo hayo kwa miaka mingi sasa. Simlaumu mume wangu. Alitumia nguvu chache alizobakiwa nazo kulinda jina langu jikoni, na mwanamume mwenzake akapona kwa supu hiyo, jambo ambalo mpishi yeyote atalikubali kwa mikono miwili. Ninajilaumu mimi niliyeyasoma mabakuli kwa ufundi mkubwa hata nikaacha kumsoma mtu. Kwa siku sabini na nne, kila adhuhuri, nilikuwa nyuma ya baraza ya hatua ishirini na sita, nikilinda katazo la mzee aliyekwisha staafu na, niseme ukweli, nikilinda furaha ya kupokea bakuli tupu mbele ya wale wawili. Kama ningevuka siku moja adhuhuri, ningeona. Pengine nisingeweza kumponya. Lakini ningejua kwamba anakwenda, na tungeacha kudanganyana kwa upendo.

Siku iliyofuata pale kambini nilichukua kigoda nikakaa katikati ya watoto wakati wa kula. Mkuu wa Lishe alikuja akaniambia kwa heshima kwamba nafasi ya Mama Shefu ni mu jiko. Nilimjibu kwamba jikoni nimekaa vya kutosha, na kama supu itaungua aniite. Hakuniita. Nilikaa na walaji kila siku ya kazi iliyobaki, kule kambini na baadaye hospitalini, hadi Ijumaa, tarehe 31 Desemba 2021, nilipokabidhi funguo. Ni kweli kwamba kila mtu aliomba yake, kama Papa Shefu alivyosema. Wengi waliomba chumvi. Mmoja aliomba nimshikie mkono tu.

Ninyi mnaoanza, fuateni karatasi yenu ya ukutani, ni nzuri kuliko kichwa changu kilivyokuwa. Kigumu kitangulie, vitunguu vipewe muda, majani yaingie mwisho. Someni mabakuli pia, sikatazi. Mimi nyumbani bado ninapika supu hii, ya mtu mmoja, na mkono wangu haujajifunza kipimo hicho. Unakata karoti za wawili. Ninaiacha ipoe kwenye meza ya libuyu, na adhuhuri, jua likiwa juu ya mabati na pikipiki zikipita njiani, ninakwenda mahali ambapo miguu haiendi tena. Ninavua aproni. Ninaliinua bakuli kwa mikono yangu mwenyewe, si kwa mkono wa mtumishi. Ninavuka baraza, ninaingia chumba cha wanaume, ninapita kitanda cha kwanza, ninakaa pembeni ya mume wangu, na kumwambia: Baba Furaha, kula nikuone. Na ukishindwa, niambie.